Shamba Lililong'olewa Chai

Rwamba ndiye aliyetaka chai ing'olewe. Alikuwa ameichuma tangu aolewe pale Kanja, asubuhi za ukungu, vidole vikifa ganzi, na bado nyumbani wakila mahindi ya sokoni ilhali ardhi wanayo.

"Watu hawatafuni majani ya chai," alimwambia mumewe, Njeru.

Walibishana karibu mwaka mzima. Mwishowe Njeru akakubali kipande cha chini, kile kinachoteremka hadi kijitoni, lakini akaapa mbele ya ndugu zake kwamba hatashika jembe huko. "Hilo ni shamba la Mama Mutugi," akasema, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Likifaulu ni lake, likianguka ni lake."

Likaanguka. Mahindi yaliota vizuri, yakafika magotini, yakakwama hapo. Majani yakaingia rangi ya zambarau pembeni. Maharagwe yaliyopandwa katikati yakawa ya manjano, yamesinyaa. Watu waliokuwa wakienda kanisani walipunguza mwendo wakitazama. Mmoja alisema ni mbegu feki, mwingine akasema ni fuko. Shemeji yake akadokeza kwamba shamba lililoanzishwa kwa ubishi haliwezi kubarikiwa.

Rwamba akaongeza mbolea. Msimu wa pili alitia ile ya kupandia mara mbili ya kawaida, na mvua kubwa ya Aprili ikaikokota hadi kijitoni. Haukupita muda maji yakavaa utando wa kijani, na jirani yake Wambura, ambaye huteka hapo, akaja mlangoni na mtungi mtupu.

"Rwamba, unatunywesha nini?"

Mahindi yenyewe yalikuwa mafupi kuliko ya kwanza. Siku hiyo alishuka shambani akang'oa mmea mmoja kwa nguvu zote, akaanguka nao kitako. Mizizi ilikuwa mifupi, minene, ya kahawia, kama vidole vilivyokatwa. Akalia palepale kwenye tuta, na kilichomliza kilikuwa hasira tupu.

Afisa wa kilimo, dada mmoja wa Meru aitwaye Kagwiria, alifika baada ya kupigiwa simu mara nyingi. Alichota udongo hapa na pale, akauchanganya kwenye ndoo ya plastiki, akaupeleka kupimwa. Majibu yalirudi msimu ukiwa umeshakwisha.

"Mama, udongo huu una asidi kali," alieleza. "Chai huupenda hivyo. Tena mbolea mliyoipa chai miaka yote hiyo imeizidisha. Udongo ukifika hapo, kuna alumini ndani yake ambayo huyeyuka na kuharibu mizizi. Na chakula unachoongeza, udongo unakikamata, haukiachii mmea."

"Na hii mbolea ya kupandia?"

"Hiyo pia inaongeza asidi, polepole."

"Kwa hiyo nimekuwa nikiliharibu shamba langu kwa mikono yangu! Mbona hakuna aliyenieleza kabla sijang'oa chai?"

Kagwiria alitazama viatu vyake vilivyojaa matope. Kata nzima afisa wa kilimo alikuwa yeye peke yake.

Dawa ilikuwa chokaa ya kilimo. Duka la pembejeo pale Kanja lilimpa ya kupaka ukuta. Alipoirudisha, muuzaji akainua mabega: "Chokaa ni chokaa, mama." Akaenda hadi Embu mjini, akaambiwa imeisha. Akarudi tena, akaambiwa lori limeharibika njiani. Ilipopatikana, mawingu yalikuwa yameshajikusanya mlimani, na Kagwiria alikuwa amemwambia inapaswa kukaa udongoni kwanza kabla ya mbegu. Alikodi punda, akateremsha magunia, akaanza kuimwaga na kuichanganya kwa jembe huku upepo ukimrushia usoni.

Njeru alikuwa kule juu kwenye chai yake pamoja na ndugu zake.

"Mama Mutugi, unalipaka shamba rangi ili likose mavuno likiwa maridadi?" Njeru akapaza sauti.

Wakacheka. Rwamba aliendelea kulima, macho yakimwasha, bila kuinua kichwa.

Mvua ilipoanza akapanda, akitarajia muujiza. Mahindi yalipita magoti safari hii, mengine yakamfika kifuani, lakini upande wa kijito yalibaki mafupi na yenye zambarau ileile. Akampigia Kagwiria.

"Chokaa haina haraka, mama. Itaendelea kufanya kazi msimu ujao, na ule mwingine."

"Kila kitu kwako ni msimu ujao!" Akakata simu. Jioni alimtumia ujumbe wa kuomba radhi.

Maharagwe ndiyo yaliyomshangaza. Yalikuwa na kijani kizito, na alipong'oa shina moja alikuta mizizi imejaa vinundu vidogo. Akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu, jambo ambalo Kagwiria alimwambia ni dalili kwamba mmea unajitengenezea chakula. Alivuna ya kutosha kupika githeri ya mahindi na maharagwe, na kubakisha mbegu.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, alimsikia Njeru akizungumza katikati ya wanaume.

"Sisi tuliona asidi imezidi, tukatia chokaa. Siku hizi shamba linataka akili."

Rwamba alingoja mpaka walipokuwa njiani wawili tu.

"Sisi nani, Baba Mutugi?"

"Si ni nyumba moja?" Njeru akacheka kidogo, kisha akakohoa. "Nilikuwa nafikiria, ile chai ya juu nayo imezeeka. Hiyo chokaa uliipata wapi hasa?"

Akamtajia duka la Embu, akamtajia na mwenye punda. "Lakini kwanza udongo upimwe. Na magunia utateremsha mwenyewe."

"Peke yangu?"

"Mimi nilikuwa na nani?"

Kesho yake Rwamba hakungoja kuona kama mumewe atakwenda Embu. Alichukua jembe, akashuka upande wa kijito, akachimba chini ya mahindi yaliyogoma ili aone mizizi imefika wapi.