Waya wa Mkonge kwenye Fyuzi

Juzi, kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme hapa Voi, mfanyakazi wa shamba la mkonge alikuwa akinunua balbu huku akijisifu.

"Fyuzi za nyumba yetu ya zamani kule Wundanyi zilikuwa zikikatika kila siku. Nikaweka waya wa kufungia robota za mkonge. Tangu hapo stima haijazima!"

Fundi wa duka aliweka bisibisi chini. "Ukuta wa swichi umeugusa, ndugu yangu?"

"Una joto kidogo. Mama huegemea hapo, si unajua baridi ya kule."

"Fyuzi hukatika ili nyumba isiungue. Mama yuko wapi saa hii?"

Yule bwana aliiacha balbu kwenye kaunta, akakimbilia stendi.

Waya ule tunausifu sana hapa kwa kutokatika. Basi la Wundanyi lilikuwa limeshaondoka.