Nilizania Moyo wa Muke Wangu Unapigia Mwingine

Ndugu zangu, muke wangu alikufa kwa sababu ya wivu wangu. Sina mwingine wa kulaumu.

Nilikuwa seremala, tunakaa mulimani, mutaa wa Kadutu. Muke wangu Nsimire alikuwa muzuri mpaka nilichukia hata watu waliomusalimia kwenye soko ya Nyawera. Ndivyo nilivyokuwa!

Akaanza kuhema. Nikitoka kazini namukuta ameketi, mukono kifuani, moyo unapiga mbio.

“Umetoka wapi?”

“Kuchota maji, Papa Bahati. Mulima umenishinda.”

Sikuamini! Tena alikataa kulala karibu yangu. Anaegemea ukuta, eti akilala pumzi inakatika. Nikasema moyoni: huyu iko na mwanaume.

Akawa anaenda dispanseri kila juma. Nikamufuata, nikachungulia dirishani. Infirmier, ule muuguzi wa pale, kijana, shati nyeupe safi, anasikiliza kifua ya muke wangu na mipira masikioni. Ee Mungu, damu ilinipanda!

Nyumbani nikanyakua vidonge vyake, nikatupa chooni.

“Zawadi za bwana wako! Hutarudi kule tena!”

“Papa Bahati, ni dawa ya moyo. Waliniambia…”

“Nyamaza!”

Hakurudi dispanseri tena. Miguu yake ikavimba. Siku alipokohoa damu, ndipo nikamubeba mpaka hospitali.

Muganga akanieleza polepole: “Moyo iko na milango. Damu ikipita, mulango unajifunga ili isirudi nyuma. Muke wako aliumwa homa ya viungo akiwa mutoto. Mulango mumoja ukabaki na makovu, ukakakamaa, haufunguki vizuri. Damu inasongamana nyuma yake, maji inajaa mapafu. Ndiyo maana anahema. Vidonge vilikuwa vinamusaidia. Kwa nini aliacha?”

Nsimire akaniangalia, akajibu yeye: “Nilivipoteza, muganga.”

Alinifichia aibu! Na kesho yake akafa.

Yule infirmier alikuja kwenye kilio pamoja na muke wake. Akanishika mukono, analia kunishinda. Nilitamani ardhi inimeze!

Mutoto wetu Bahati ananiuliza mama yake aliugua nini. Namujibu: moyo. Yaliyobaki nimeandika hapa, maana kumwambia ninaogopa.

Wanaume wenzangu, muke akisema pumzi inamukatika, muamini. Mupeleke kwa muganga siku ileile, ukae naye, usikie kwa masikio yako kile anachoumwa. Mimi nilisikia akiwa tayari anakufa.