Muuza Karanga wa Kila Jumapili

Kompyuta yenyewe ilitoka Bugarama. Mkandarasi mmoja aliyekuwa akiwapikia chakula wafanyakazi wa mgodi alimaliza mkataba wake, akaamua kuuza vitu vya ofisi: viti, kabati la chuma, na kompyuta tatu zilizokuwa zimekula vumbi jekundu mpaka feni zake zikawa zinakoroma. Mimi ni fundi wa kompyuta na mashine za kudurufu hapa Shinyanga mjini, kwa hiyo niliitwa kuzikagua. Nikaondoka na moja mikononi, nimeikumbatia njia nzima.

Sikuitaka kwa kazi. Niliitaka kwa emuleta, ile programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ya gemu ya zamani. Mashine hizo tulizijua utotoni kwa kuchungulia dirishani kwenye kibanda cha gemu, tukiwatazama wenzetu wakicheza mpira na kuwashangilia kama jamaa zetu. Sasa nilikuwa mtu mzima na kompyuta yangu, na nilitaka kucheza mpaka nitosheke. Mtu akinicheka kwa hilo sina ugomvi naye, maana mambo ya kuchekwa zaidi yanakuja.

Wakati huo baba alikuwa amerudi nyumbani kwangu, Ngokolo, akiwa haoni. Miaka yangu yote ya shule yeye aliishi Rwamgasa, kwenye dhahabu. Hakuwa mchimbaji wa chini; alikuwa mtu wa kamba. Alisimama juu ya duara, yaani lile shimo la wachimbaji, akiwashusha watu na kuyavuta mawe kwa winchi ya mti. Aliye chini haonekani, na sauti yake haifiki juu, kwa sababu pembeni karasha zinasaga mawe kutwa nzima. Anachoweza kufanya ni kugonga gogo kwa nyundo. Pigo moja, vuta mfuko. Mapigo mawili, vuta mtu. Mapigo ya haraka haraka, vuta na uwaite wenzako. Baba alikuwa na msemo wake aliokuja nao kila likizo, akituambia tukiwa tunakula: mtu wa kamba akisikia vibaya anazika watu.

Yeye hakuzika hata mmoja. Alijivunia hilo kuliko gramu yoyote ya dhahabu iliyopita mikononi mwake. Macho yake yaliliwa polepole na presha ya macho, na alipokubali kwenda hospitali, daktari alisema kilichobaki ni kulinda ule mwanga kidogo wa kutofautisha mchana na usiku. Baada ya mwaka mmoja na huo nao ukaondoka.

Jumapili ya kwanza nilipowasha gemu, tulikuwa tumetoka kanisani, dada yangu mkubwa ametuletea ugali na mlenda kutoka kwake, mtaa wa pili. Baba akasikia filimbi na kelele za mashabiki chumbani kwangu. Akaja akipapasa ukuta, akauliza ni redio gani hiyo inayotangaza mpira saa nane mchana. Nikamweleza. Nilidhani atasema nimezeeka vibaya, ila alivuta kigoda akakaa karibu na spika, ameinamisha kichwa, sikio moja mbele.

Siku hizo za mwanzo nilikuwa nimeiacha picha katika ukubwa wake wa asili, ule wa mashine ya zamani. Ilikuwa mbaya. Wachezaji walikuwa na nyuso za matofali na majani ya uwanja yalikuwa rangi tu ya kijani iliyopakwa. Sauti lakini ilikuwa safi. Baba hajui Kiingereza, na mtangazaji wa gemu anakimwaga kama maji, ila baada ya Jumapili mbili tatu alikuwa ameshaujua mchezo. Sauti ya mtangazaji ikianza kupanda, yeye alishika magoti. Mara nyingine alisema, "Umepokonywa," kabla mimi mwenyewe sijaelewa mpira uko kwa nani. Nikifunga alipiga makofi mawili, akasema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, kana kwamba nimemletea kitu.

Hiyo ndiyo furaha aliyokuwa nayo kwa wiki nzima. Dada aliniambia alikuwa akimuuliza tangu Alhamisi kama Jumapili imekaribia.

Mimi nikaharibu. Niliona kwenye simu picha za watu wanaocheza gemu ile ile kwenye emuleta, majani yanaonekana moja moja, namba za jezi zinasomeka. Nikafungua mipangilio nikaongeza ukubwa wa picha mara mbili, halafu mara tatu. Picha ikapendeza mno. Nilimwona golikipa ana ndevu! Lakini kompyuta ile ilizaliwa kuandika barua, si kubeba mzigo huo. Ikawa nzito, na emuleta ikichelewa, sauti nayo inachelewa. Mashabiki wakaanza kukatika katika, na mtangazaji akawa anaburuta maneno.

Baba alisikiliza kidogo, akasema, "Mtangazaji wenu leo amekunywa."

Tulicheka wote. Nikaahidi kurekebisha. Wiki mbili jioni zangu zote ziliishia kwenye ile mipangilio. Nilizima vivuli vya wachezaji. Niliiambia programu iruke baadhi ya picha. Nilibadilisha namna ya kuchora, nikaongeza muda wa sauti kujikusanya kabla ya kutoka, nikaupunguza tena. Kila badiliko lilisaidia kidogo, na kila Jumapili sauti ilikatika vile vile. Ninaandika haya nikiwa fundi, na fundi hawezi kujidanganya kuhusu kazi yake: dawa niliijua tangu siku ya kwanza. Ni kurudisha picha ilivyokuwa. Mstari mmoja, mbofyo mmoja. Sikutaka kuzitazama tena zile nyuso za matofali.

Naye aliniambia waziwazi. Jumapili moja, mtangazaji akiwa anaburuta kama kawaida, baba alininyooshea mkono hewani, akanipata bega.

"Mimi nipe sauti," alisema. "Picha baki nayo wewe."

Nikasema sawa, baba. Kisha nikafanya ujinga ambao mpaka leo nikiukumbuka naona joto usoni. Niligundua kwamba nikizima sauti kabisa, ule uzito wa gemu hausumbui tena. Macho yana huruma. Yakikosa picha mbili tatu yanajaza yenyewe. Sikio halisamehe. Basi nikaona nizime sauti ya gemu, nibaki na majani yangu mazuri, halafu nimtafutie baba kelele za uwanjani mahali pengine.

Nilizitafuta uwanjani kwenyewe. Jumamosi kulikuwa na mechi hapa mjini, nikamwambia baba ajiandae, tunakwenda mpirani. Alivaa shati lake la kanisani na kofia. Kwenye bajaji hakunyamaza. Alimweleza dereva kwamba mara ya mwisho kuingia uwanjani mimi nilikuwa sijazaliwa. Tulikaa jukwaa la jua kwa sababu ndipo kelele zilipokuwa nyingi. Akamwita muuza karanga kwa kumsikia anapita, mtu mwenye sauti kavu ya kukwaruza, akanunua vipakiti viwili, akalalamika kwamba karanga zina chumvi ya kutosha kukaushia ngozi ya ng'ombe. Alikuwa na raha. Mimi nilikuwa nimeinua simu juu, ninarekodi mashabiki. Alipotaka kuongea nilijiwekea kidole mdomoni ili anyamaze, ishara kwa mtu asiyeona. Nilipokumbuka, nikamwekea mkono gotini nikambonyeza. Akaelewa, akanyamaza.

Yeye alidhani nimempeleka mpirani. Mimi nilikwenda kuchukua sauti.

Rekodi ilikuwa ya dakika nne. Nilijaribu kumkata yule muuza karanga ikashindikana, maana kila nilipomwondoa kelele zilisikika kama zimekatwa kwa panga. Nikajiambia wachuuzi wanapita dirishani kwetu kutwa, baba hatashangaa. Nikaiunganisha ijirudie yenyewe bila kukoma. Jumapili iliyofuata nikaweka spika karibu na kigoda chake, rekodi ikiunguruma, na mimi nikacheza kwenye uwanja wenye majani. Nikikaribia goli nilipandisha sauti kwa simu. Nikifunga nilipiga kelele mwenyewe.

Baba aligeuza kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine. Akauliza mtangazaji amekwenda wapi. Nikamwambia nimemwondoa, alikuwa mlevi.

"Bora," akasema.

Tulikwenda hivyo miezi mingi. Alikuja kila Jumapili, alikaa pale pale, na nikisema goli alipiga makofi yake mawili. Hakusema tena umepokonywa. Niliona kwamba amepunguza maneno, nikadhani ni uzee. Ila mara kwa mara, rekodi ilipozunguka na yule mtu akapita na karanga zake, baba alitabasamu akasema, "Huyu bwana hachoki." Mara nyingine alisema leo ametembea sana, mpeni maji. Nilicheka, nikifurahi kwamba mzee ameingia mtegoni na anajitania mwenyewe. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani, wanasema. Mimi sikuwahi kujiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa mjinga.

Alifariki mwanzoni mwa mvua, baada ya kuugua kwa siku chache. Tulimzika kijijini, kando ya mama. Siku ya kumaliza matanga, watu walipokuwa wametawanyika, nilimkuta dada anasugua masufuria makubwa ya msiba. Nikachutama nimsaidie. Nikamwambia, kwa kujifariji tu, kwamba angalau baba alizifurahia Jumapili zake na gemu.

Dada aliacha kusugua.

"Baba alijua, mdogo wangu," alisema. "Tangu ile ya kwanza."

Nikauliza alijua nini.

"Kwamba ile ni kaseti. Alisema muuza karanga ni yule yule aliyemuuzia zenye chumvi. Alisema unashangilia goli, mashabiki wako kimya. Wao wanashangilia, wewe huna habari."

Nilimkasirikia. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, yeye dada mkubwa mzima, akaniacha nijidhalilishe miezi yote hiyo. Alisema alitaka kuniambia, baba akamkataza.

"Alisema, 'Akiambiwa ataona aibu. Na akiona aibu hataniita tena nikae naye.'"

Akarudia kusugua. Nikavuta sufuria jingine nikasugua nami. Mtu aliyesikia pigo la nyundo kutoka chini ya ardhi, karasha zikinguruma ubavuni, nilikuwa nimemwekea simu na spika nikadhani nimempata. Aliishi Rwamgasa miaka yote ile mbali nasi, na aliporudi alichotaka ni kukaa karibu nami mchana wa Jumapili. Ili akipate alikubali kupiga makofi kwa magoli asiyoyasikia. Nilikuwa namnyima kitu cha mbofyo mmoja, naye ananilinda nisiaibike.

Niliporudi mjini niliwasha kompyuta kabla sijaweka mfuko chini. Nilifungua mipangilio, nikarudisha picha kwenye ukubwa wa asili, nikawasha sauti. Haikuchukua hata dakika moja. Nyuso za matofali zikarudi. Filimbi ikalia, safi, na mtangazaji akamwaga Kiingereza chake bila kukwama popote. Nilifumba macho nikajaribu kujua mpira uko wapi. Nilipotea mara moja. Kigoda kilikuwa pale pale karibu na spika.

Nilizima gemu nikachukua simu kufuta ile rekodi. Kabla ya kuifuta nikaona niisikilize, safari hii kwa hedifoni, maana mimi nilikuwa nimeisikia daima kupitia spika, siku ya kuikata nikimwinda muuza karanga tu, na baadaye nikiwa na pedi ya gemu mkononi na macho kwenye majani. Kelele zilianza, ngoma, mluzi wa mtu. Yule bwana akapita na karanga. Halafu uwanja mzima ukalipuka, na chini ya mlipuko ule, karibu kabisa na simu, kuna sauti ya baba.

"Nani kafunga?"

Hakuna anayejibu. Kelele zinapungua kidogo, naye anauliza tena, taratibu zaidi, akiniita mwanangu kwa Kisukuma, akidhani sikumsikia.

"Ng'wana wane, nani kafunga?"

Kisha kuna mkwaruzo mdogo, mkono wangu ukimbonyeza gotini, na yeye hasemi kitu tena mpaka dakika nne zinaisha na kuanza upya. Kila Jumapili spika ilimrudishia swali hilo, mara nyingi kwa kila mechi, pembeni ya sikio lake, na mimi nimekaa hapo hapo sisemi neno.

Sikuifuta. Tangu siku ile nimejaribu kukumbuka ni timu gani iliyofunga, nimwambie hata sasa, hata kwa mdomo mtupu chumbani. Sikumbuki. Sikuwa naangalia mpira, nilikuwa naangalia simu.