Meno ya Utotoni ya Dada Pelagia

Harufu ya mahindi makavu yakikaangwa hunirudisha nyumbani Ngara, kwenye miaka ile ya wakimbizi. Yalikuwa mahindi ya msaada yaliyotoka kambini na kuuzwa sokoni kwetu, ya njano, magumu kama kokoto. Watoto tuliyajaza mifukoni tukayatafuna njia nzima ya shuleni, huku malori ya chakula yakitutimulia vumbi jekundu na vilima vikizidi kuwa vipara kwa kukatwa kuni. Dada yangu Pelagia hakuweza kuyatafuna. Aliyatwanga kwenye kinu, akatia chumvi kidogo, kisha akayalamba kiganjani kwa madaha hadi sisi wenye meno tukaanza kumwomba.

Kwetu, jino la utotoni liking'oka, mtoto hulirusha juu ya paa na kuomba jipya. Mimi nilirusha yangu kwenye nyasi za paa letu, nikapewa mapya, tena makubwa kupita kiasi. Pelagia alirusha yake, akangoja, akafikia umri wa kupokea Kipaimara kanisani, na mapengo yakabaki mapengo. Vijino vichache vya utotoni vilivyosalia ndivyo alivyolia chakula. Baba, ambaye alimpenda mno, alihofia kwamba binti yake angechekwa maisha yake yote. Akaamini kuwa vile vya zamani ndivyo vilivyoziba njia.

"Ving'olewe vyote," alisema, "mapya yapate pa kupita." Sokoni kulikuwa na mzee mwenye koleo aliyesifika kwa mkono mwepesi.

Pelagia aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akavishusha kidogo tu, akasema, "Baba, nisamehe. Niliyorusha paani sikurudishiwa hata moja. Haya ndiyo niliyo nayo." Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumpinga baba. Mama akapata nguvu, akaomba kwamba kabla ya koleo twende kwanza kwa daktari wa meno wa kule kambini, naye mkimbizi.

Tulimkuta kwenye hema lenye joto na harufu ya dawa. Alizungumza lugha ya kwao, baba akajibu kwa Kihangaza, lugha yetu inayokaribiana na hiyo, wakaelewana bila mkalimani. Alipapasa taya la dada kwa muda mrefu. Kisha akamwambia baba anawe mikono, apapase mwenyewe.

"Hapa penye kijino, wasikiaje?"

"Pamenenepa."

"Na hapa penye pengo?"

Baba alisogeza mkono. Kidole chake kinene cha mkulima kikasimama kwenye ufizi mwembamba. Akasema polepole, "Pamekonda."

"Mfupa wa taya hukua kwa kubeba jino, mzee wangu. Kuna watu huzaliwa bila mbegu za meno ya ukubwani, na nadhani binti yako ni mmoja wao. Ukiving'oa hivi, hakuna kitakachoota, na taya litakonda lote."

Baba alimshukuru. Tulipopita sokoni alimnunulia Pelagia mswaki wa dukani, wa kwanza kuingia nyumbani kwetu. Sisi wengine tuliendelea na vijiti.

Leo Pelagia ni mama mtu mzima, anaishi mjini Biharamulo. Vilima vya Ngara vimeota miti tena, na zile barabara za malori sasa watoto wanazipita bila kujua habari za malori hayo. Mimi mwenye meno makubwa nimeshang'oa manne. Yeye vijino vyake bado anavyo, vimesagika lakini imara kama siku ile, na sijaona mtu anayecheka kwa mdomo wazi kama yeye.

Mwaka huu binti yake, mwenye mapengo yaleyale, alikuja kwake akilia. Wenzake walimcheka darasani, akataka vijino vyake ving'olewe vyote. Pelagia hakumkemea. Alimwambia anawe mikono, akafungua kinywa chake mwenyewe, akakiongoza kidole cha mwanawe juu ya taya.

"Hapa penye kijino changu, wasikiaje?"

"Pamenenepa, mama."

"Basi kapige mswaki."