Picha za Upande wa Wanawake

Mjini Rumonge, Burundi, katika mtaa wa Waswahili, Hadjara anajulikana kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kuwapaka hina maharusi, kazi aliyojifunza kwa mama yake. Ya pili aliianza mwenyewe miaka michache iliyopita, pale mpwa wake anayeishi Ubelgiji alipomletea katoni ya kamera za plastiki zilizokwisha muda dukani. Ni kamera za kutumika mara moja. Unapiga mpaka filimu iishe, unaitoa ikasafishwe, kasha unalitupa. Picha zake ni nyeusi na nyeupe. Vijana wa mtaani wanaziita jetabo, yaani za kutupwa, kwa Kifaransa chao cha shuleni.

Mwanzoni Hadjara alizitumia kwa matembezi tu. Siku ya Idi aliwapa wapwa zake jetabo moja ufukweni Minago, nao wakapiga mitumbwi, mbuzi na visigino vya watu. Alipenda kuona kwamba hakuna aliyesimama kuikagua picha yake na kudai irudiwe. Walipiga, wakarudi majini.

Kilichozipa jetabo heshima ni simu. Katika harusi moja kijijini Gatete, picha za bibi harusi akicheza kichwa wazi na shoga zake zilifika kwa mkwewe Bujumbura kabla ya bibi harusi mwenyewe kufika. Tangu hapo, siku ya hina, wanawake huacha simu zao mlangoni ndani ya beseni. Hadjara akawaambia kwamba jetabo haina kioo cha kuangalia na haiwezi kumtumia mtu kitu. Zaidi ya hayo, filimu zake husafishwa na mwanamke, Domitille, mjane aliyeachiwa na mumewe studio ndogo ya picha huko Buyenzi, Bujumbura.

Asiya alipoposwa na kijana wa Kigoma, mama yake ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote.

"Unaniahidi hakuna mwanaume atakayeziona?" aliuliza Mama Asiya.

"Hata mmoja."

"Hata wa studio?"

"Studio iko ya mwanamke, dada. Ungekuwa na wasiwasi hivi siku unaolewa, usingeolewa."

Mama Asiya alicheka, akakubali. Alasiri ya hina wanawake walivua mitandio. Jetabo mbili zikapita mkono kwa mkono. Bibi Aisha, mama yake Mama Asiya, ambaye hakuwa amecheza tangu afiwe na mumewe, alisimama katikati ya mkeka, akainua mikono na kuzunguka. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Hadjara mwenyewe alishika jetabo na kumpiga picha.

Harusi ilipokwisha, zilibaki siku chache tu Asiya amfuate mumewe Kigoma. Alitaka kuondoka na picha zake. Hadjara akazifunga jetabo ndani ya kitenge, akaenda Buyenzi.

Alimkuta Domitille ameketi kwenye kiti cha mbao, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Amahoro, Hadjara. Usiniangalie hivyo. Niliteleza na ndoo ya maji."

"Pole sana, dada. Sasa kazi?"

"Kazi anafanya Lukeba." Domitille alimwelekezea kidevu mpwa wake aliyekuwa akifagia uani. "Nimemfundisha mwenyewe, tangu alipofika kutoka Uvira. Ana mkono mwepesi kuliko wangu."

Hadjara hakuketi. "Nimewaahidi wanawake."

"Lukeba ni mutoto wa kanisa. Anaimba korali. Haangalii wake za watu."

"Sikatai. Lakini ana ndevu."

"Ndevu tatu!"

"Hata moja inahesabika."

Lukeba aliangua kicheko kule uani. "Mama mkubwa, mwache. Mimi nitachota maji."

Domitille aliutazama mkono wake. Plasta ingetolewa baada ya wiki nyingi, na Asiya alikuwa anasubiri. "Basi utafanya wewe," alisema. "Mimi nitakaa kando yako nikuelekeze. Ila fahamu, filimu ikiharibika haina ya pili."

Hadjara aliijua hasara hiyo. Akizikosa picha, Asiya angesafiri mikono mitupu. Akimpa Lukeba, hakuna mwanamke wa mtaa wake ambaye angevua mtandio tena mbele ya jetabo, wala yeye asingepata uso wa kumtazama Mama Asiya. Aliomba muda wa kusali adhuhuri kwanza. Alitawadha, akasali, kisha, kama afanyavyo kila mara maji yakimkauka mwilini, akatoa kichupa kwenye mkoba na kujipaka mafuta ya mise mikononi. Watu wa Rumonge hupaka mafuta hayo ya kokwa za mchikichi bila hata kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati.

Wakaingia chumba cha giza. Hadjara hakuweza kuona hata ncha ya pua yake.

"Vunja kasha taratibu," ilisema sauti ya Domitille.

Plastiki ililia, kisha Hadjara akapiga yowe.

"Imekupiga shoti? Ni ile betri ya flashi. Nilisahau kukwambia."

"Umesahau! Mimi nilidhani ni jini!"

Walicheka mpaka Domitille akaumwa na mkono. Baada ya hapo Hadjara alianza kuizungusha filimu kwenye gurudumu la plastiki lenye mifereji, kama alivyoelekezwa. Ilikuwa inateleza. Alipoivuta ilimponyoka, akaikamata kwa vidole vyote, akaanza upya. Alikuwa amefika katikati Domitille aliponusa hewa.

"Hadjara. Nasikia harufu ya mise."

"Ni mikono yangu."

"Maliza hiyo," Domitille alisema kwa upole. "Ya pili utanawa kwanza. Kwa sabuni, mara mbili."

Filimu ya pili ilitoka safi. Ya kwanza, walipoiosha na kuichapa chini ya taa nyekundu, ilionyesha kila mahali dawa iliposhindwa kupenya mafuta. Picha zilichomoza moja moja ndani ya sinia la dawa, na juu ya baadhi yake zikachomoza pia alama nyeusi za vidole. Ile ya Bibi Aisha ilikuja ikiwa na mikono juu na kanga ikipepea. Mahali pa uso palikuwa na kidole cha Hadjara.

Lukeba aliwafungulia mlango akiwa ameugeuza uso wake ukutani.

Kesho yake Hadjara aliziweka picha mapajani mwa Mama Asiya. Asiya na Bibi Aisha walikuwa wameketi naye mkekani. Mama Asiya alizipitia taratibu, akicheka hapa, akifunika mdomo pale, mpaka akafika kwenye ile moja.

"Kidole cha nani hiki?"

"Changu," alisema Hadjara. Akaeleza yote, plasta ya Domitille, Lukeba na mise. Hakujitetea.

Macho ya Mama Asiya yalijaa maji. "Mama yangu hatacheza tena hivi. Ungempa tu yule kijana."

"Ningempa, ungezipokea?"

Mama Asiya aliipangusa picha kwa ncha ya mtandio kana kwamba alama ingetoka. "Nisingezipokea," alisema mwishowe. "Ningezitia motoni."

Bibi Aisha alinyoosha mkono, akaichukua picha, akaisogeza mbali kisha karibu.

"Nyie mnalia nini? Hii ndiyo nzuri kuliko zote. Hata ikianguka sokoni, nani atajua ni mimi?"

"Bibi, hiyo nipe niende nayo Kigoma," alisema Asiya.

"Nenda na hizo za mama yako. Amekaa vizuri, kama mke wa gavana." Akaikunja kanga yake kiunoni, akaichomeka picha ndani, akamgeukia Hadjara. "Ijumaa mjukuu wa jirani anapakwa hina. Nimekwisha kumwambia mama yake utakuja na jetabo."

"Na wewe utacheza, Bibi?"

"Nawa mikono kwanza, halafu uniulize."