Ndoo ya Pili

Wallahi leo nimerusha ndege peke yangu, ila sina hakika kama nilikuwa peke yangu.

Niko saiba, nawaandikia mtandaoni, nguo zingali mbichi. Nisikilizeni.

Mwalimu alishuka, akaufunga mkanda wa kiti chake usije ukanasa kwenye usukani. Akanambia, "Haya, Mishi. Mzunguko mmoja, urudi."

Nikaruka. Nikapita juu ya Likoni, feri naiona kama kibiriti. Raha tupu!

Nikiwa nakaribia kutua, nikaitwa kutoka kiti cha pembeni.

"Mishi!"

Nikaitika "Abee" kwa mazoea. Kutupa jicho, flapu za mabawa, zile za kupunguza mwendo, sijazishusha! Nikazishusha upesi, nikatua salama.

Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa mwalimu nilimwacha chini.

Pale chuoni kwetu, anayeruka peke yake mara ya kwanza humwagiwa maji. Fundi Athmani akaja na ndoo mbili.

"Ya pili ya nani?" nikamuuliza.

"Ya mwenzako. Si mmetua wawili?"

Tukacheka.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa akiutazama ule mkanda alioufunga kwa mkono wake.

Ulikuwa umefunguliwa.

Kesho naruka tena. Jamani, nikiingia nitoe salamu, au ninyamaze?