Shimo Lenye Msalaba

Miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, wageni wenye kamera walianza kufika Mwanza, na mimi ndiye niliyewatafutia mahali pa kupigia filamu zao. Kazi yenyewe ilikuwa kuomba ruhusa: unaingia uani kwa mtu, unaamkia, unakaa, unasema shida yako. Nilikuwa katekista, kwa hiyo watu waliniamini.

Nje kidogo ya Nansio, kule kisiwani, mzee mmoja alitupatia kipande cha shamba lake. Nilimwambia tutachimba shimo, tupige picha, tufukie. Sikusema kaburi. Mke wake alikuwa amelazwa Mwanza, hali mbaya. Nilijua nikilitamka neno hilo atakataa.

Asubuhi wachimbaji walipomaliza, mzee akaja na jembe begani. Akatazama urefu wa shimo, kisha msalaba wa mbao uliolazwa pembeni.

“Mwalimu, hili ni shimo la nini?”

“La filamu, mzee.”

“Nimekuuliza la nini. La choo lina msalaba?”

Jirani mmoja kati ya waliokuja kutazama alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Mwongozaji wa filamu akanihimiza nimwondoe mzee, jua linapanda. Kwa mila ya pale, kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Likiachwa, huita mtu. Na kwa mzee yule, wa kuitwa alijulikana.

“Ni kaburi,” nikasema. “Nilikuficha. Nisamehe.”

Jembe likashuka begani. Vidole vyake viliubana mpini.

“Na wewe ndiye unayetufundisha Amri!” mama mmoja akapaza sauti. “Ya nane, usiseme uongo, uliiruka?”

Mzee akanyoosha jembe kuelekea migombani. “Kata mmoja. Mwenyewe.”

Mila hiyo ya kuzika mgomba badala ya mtu nilikuwa nimeipinga kanisani. Nikakata mgomba, nikaubeba begani, utomvu ukinichuruzikia shingoni, nikaulaza kaburini, nikafukia. Hakuna kamera iliyowashwa.

“Sasa sali,” mzee akasema.

“Niuombee mgomba?”

“Mwombee mke wangu. Mgomba hauumwi.”

Nikapiga magoti kwenye udongo ule mbichi, nikasali kama sijawahi kusali.

Mke wa mzee alirudi kwa meli mwezi uliofuata, akitembea kwa miguu yake. Namshukuru Mungu mpaka leo.

Filamu iliyofuata ilinipeleka Misungwi. Nilipomaliza kuamkia tu, nikasema, “Tunataka kuchoma nyumba.” Wenye nyumba wakakataa. Nikawashukuru, nikaenda kaya ya pili.